Matokeo ya uchaguzi wa madiwani London: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila uchaguzi wa madiwani unapomalizika London, maswali ni yaleyale. Mbona kura zimezidi watu? Mbona chama changu kimepata kura nyingi na hakina kiti hata kimoja? Sasa anayetuongoza ni nani? Majibu yako hapa chini, kuanzia yale ya msingi hadi yanayotokea mara chache. Mifano mingi ni ya uchaguzi wa Mei 2022, kwa sababu mwaka ule manispaa kadhaa zilitoka chama kimoja kwenda kingine, na karibu kila hali inayowachanganya watu ilijitokeza mahali fulani.

## Misingi

Huu ni uchaguzi wa kitu gani hasa? Ni wa bunge?

Hapana. London ina manispaa 32, na kila moja ina baraza lake la madiwani. Mpangilio huu ulitokana na sheria ya 1963. Madiwani wa kwanza walichaguliwa 1964, na mabaraza yakaanza kazi rasmi Aprili 1965. Kila manispaa imegawanywa katika kata, na kila kata hutoa diwani mmoja, wawili au watatu. Mwaka 2022 jumla ya madiwani waliochaguliwa jijini ilikuwa 1,817.

Wabunge wana uchaguzi wao, na Meya wa London anayesimamia jiji zima ana wake. Ukisikia kwamba chama fulani kimeichukua Barnet au kimeipoteza Wandsworth katika uchaguzi wa Mei, kinachozungumziwa ni baraza la madiwani la manispaa hiyo. Eneo dogo la katikati linaloitwa City of London halihesabiwi kati ya zile 32. Lina utawala wake wa kale na taratibu zake za uchaguzi, ambapo hata kampuni zilizopo pale huteua wapiga kura.

Hufanyika lini?

Kila baada ya miaka minne, siku ya Alhamisi mwezi Mei, na viti vyote hugombewa kwa mpigo: 2014, 2018, 2022, kisha 2026. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku. Miji mingine ya England, Manchester ikiwemo, huchagua theluthi moja ya madiwani kwa zamu. Ndiyo maana jamaa yako aliyeko huko anaweza kupiga kura mwaka ambao wewe wa London huna uchaguzi.

Nina pasipoti ya Kenya tu, sijachukua uraia wa Uingereza. Kura yangu ipo?

Ipo, na wengi wetu hatujui. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali wanaweza kujiandikisha na kupiga kura, mradi wametimiza miaka 18. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Malawi, Zambia na Msumbiji zote zimo katika Jumuiya hiyo. Huhitaji kuwa na ukaazi wa kudumu. Mwanafunzi mwenye viza halali naye anahesabika. Kwa upande wa kugombea udiwani masharti ni makali zaidi: raia wa Jumuiya ya Madola anatakiwa awe na kibali cha kuishi nchini bila kikomo, au awe mtu asiyehitaji kibali kabisa.

Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Komoro hawana haki hii mpaka wapate uraia wa Uingereza, kwa kuwa nchi zao hazimo katika Jumuiya. Inauma kuona watu wa nyumba moja, mmoja akienda kituoni na mwingine akibaki, lakini ndivyo sheria ilivyo. Raia wa Umoja wa Ulaya wana masharti yao, yanayotegemea nchi wanayotoka na tarehe waliyoanza kuishi Uingereza.

Jiandikishe mapema. Mwisho wa kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya siku ya kura, na baada ya hapo hakuna wa kumbembeleza.

Je, ninahitaji kitambulisho kituoni?

Ndiyo. Sharti la kitambulisho chenye picha lilianza kutumika England katika uchaguzi wa Mei 2023, kwa hiyo waliopiga kura ya madiwani London mwaka 2022 hawakulikuta. Pasipoti ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola inakubalika, hata ikiwa imepitwa na wakati, mradi picha bado inafanana nawe. Asiye na kitambulisho chochote anaweza kuomba cheti maalumu cha mpiga kura, na hutolewa bure.

## Kuisoma karatasi ya matokeo

Kura zilizohesabiwa ni nyingi kuliko watu waliopiga kura. Kuna wizi?

Hili ndilo swali linalozua fitina kuliko yote, basi tulijibu kwa utaratibu.

Mpiga kura hana kura moja. Ana kura kulingana na viti vya kata yake. Kata ikiwa na viti vitatu, unaweka alama kwa wagombea hadi watatu kwenye karatasi moja. Tuseme katika kata ya namna hiyo wameandikishwa watu 8,000, na waliofika kupiga kura ni 3,000. Karatasi zilizotumbukizwa sandukuni ni 3,000, lakini alama zilizowekwa zinaweza kufika 9,000. Kwa kuwa wengine huchagua mmoja au wawili tu, labda jumla itakuwa 8,400. Anayechukua 8,400 na kuigawa kwa 8,000 atapiga kelele kwamba waliopiga kura ni asilimia 105. Hesabu sahihi ni karatasi 3,000 kugawa kwa 8,000, ambayo ni asilimia 37.5.

Kwa hiyo tafuta mstari unaotaja idadi ya karatasi za kura, na usijumlishe kura za wagombea. Karatasi zenyewe huhakikiwa kabla hata hazijaanza kuhesabiwa kwa wagombea; tazama swali la kazi ya usiku wa kuhesabu, chini.

Kuweka alama kwa mtu mmoja tu kwenye kata ya viti vitatu kunaharibu kura?

Hakuharibu. Unaruhusiwa kutumia kura chache kuliko ulizonazo. Kuna watu hufanya hivyo makusudi: wanamtaka mgombea mmoja apite, na hawataki kuwaongezea kura wale anaoshindana nao. Kinachoharibu karatasi ni kuzidisha, yaani kuweka alama nne mahali pa tatu. Hapo karatasi nzima inakataliwa.

Karatasi hukataliwa pia ikiwa haina alama yoyote, ikiwa nia ya mpiga kura haieleweki, ikiwa haina alama rasmi ya usalama, au ikiwa mtu ameandika kitu kinachomtambulisha. Ukiona kata yenye karatasi nyingi zilizokataliwa kwa kuzidisha alama, mara nyingi ni dalili kwamba watu hawakuelezwa idadi ya viti vyao, na hilo ni jambo la kulifanyia kazi kabla ya uchaguzi unaofuata.

Wagombea watatu wa chama kimoja, kata moja, wamepata kura tofauti. Kwa nini?

Kwa sababu unachagua watu, si orodha ya chama. Diwani anayejulikana kwa kufuatilia shida za wakazi huwaacha wenzake nyuma. Mwingine hupungukiwa kwa sababu wapiga kura waligawa alama zao kati ya vyama viwili. Hata alfabeti ina mkono wake: majina hupangwa kwa jina la ukoo, na walio juu kwenye karatasi mara nyingi huwazidi kidogo wenzao wa chama kilekile walio chini. Katika kata yenye ushindani mkali, kidogo hicho kinatosha kukipa chama viti viwili na kukinyima cha tatu.

Inawezekanaje chama kichukue viti vyote wakati wengine nao walipigiwa kura?

Washindi ni wale wenye kura nyingi zaidi katika kata, basi. Hakuna kima cha asilimia 50 kinachotakiwa, na kura za walioshindwa hazihamishiwi popote. Kura zikitawanyika kwa uwiano unaofanana katika kata zote, chama kinachoongoza hushinda kila mahali.

Barking and Dagenham ni mfano wa wazi. Chama cha Labour kilichukua viti vyote 51 mwaka 2010, 2014, 2018 na tena 2022, ingawa kila mara kulikuwa na maelfu ya kura za vyama vingine. Lewisham nayo ilitoa viti vyote 54 kwa Labour mwaka 2018 na 2022. Huko Newham chama hichohicho kilikuwa na viti vyote 60 hadi chama cha Kijani kilipopata viwili mwaka 2022.

Kwa maoni yangu hili si zuri kwa mtu yeyote, hata kwa chama kinachoshinda. Baraza lisilo na diwani hata mmoja wa upinzani halina wa kuuliza maswali magumu mbele ya wananchi, na kazi hiyo inabaki kwa vikundi vya wakazi na waandishi wa habari wachache wa eneo.

Kwa nini gazeti moja linatoa asilimia hii na jingine ile, kwa chama kilekile?

Kwa sababu ya zile kura tatu za mtu mmoja. Wengine hujumlisha kura za wagombea wote wa chama. Wengine huchukua kura za mgombea aliyeongoza katika kila chama peke yake, ili chama kilichosimamisha mgombea mmoja kisionekane kidogo kuliko kilivyo. Njia zote mbili zinatumika. Ukilinganisha, hakikisha namba zote mbili zimetoka njia moja.

Naweza kulinganisha kata yangu na uchaguzi uliopita?

Angalia kwanza kama mipaka imebaki ileile. Kabla ya 2022 mipaka ya kata ilichorwa upya katika sehemu kubwa ya London. Baraza la Westminster lilipungua kutoka viti 60 hadi 54, la Wandsworth kutoka 60 hadi 58. Kata ikibaki na jina lilelile haina maana kwamba mitaa yake ni ileile. Kwa manispaa iliyobadilishwa mipaka, linganisha nani ana wingi barazani, na uwe mwangalifu na hesabu ya viti vilivyoongezeka au kupungua.

Ni watu wangapi hasa hujitokeza?

Wachache. Mwaka 2022, kati ya kila watu watatu walioandikishwa London, aliyepiga kura ni kama mmoja tu. Kata nyingi huamuliwa kwa kura mia chache, nyingine kwa makumi. Jengo moja la ghorofa likitoka lote kupiga kura linaweza kuamua nani awe diwani.

## Usiku wa kuhesabu

Kazi inaendaje, na mbona manispaa nyingine hutangaza kesho yake?

Hatua ya kwanza ni uhakiki: idadi ya karatasi zilizo ndani ya kila sanduku hulinganishwa na taarifa ya msimamizi wa kituo. Kura za posta hufunguliwa mapema, na sahihi pamoja na tarehe ya kuzaliwa hulinganishwa na kumbukumbu zilizopo, lakini hazihesabiwi kwa wagombea kabla vituo havijafungwa. Baada ya uhakiki ndipo karatasi hutenganishwa na kuhesabiwa, mawakala wa vyama wakiangalia.

Kata za viti vitatu huchelewesha, kwa sababu karatasi ambazo mpiga kura amechanganya vyama haziwezi kufungwa mafungu ya chama kimoja. Husomwa moja moja. Kila manispaa huamua yenyewe kama itahesabu usiku uleule au asubuhi. Mwaka 2022 habari za Wandsworth na Westminster zilijulikana alfajiri ya Ijumaa, huku kwingine watu wakisubiri siku nzima na zaidi. Kuchelewa peke yake si ushahidi wa hila yoyote.

Nani anaweza kudai kura zihesabiwe upya?

Mgombea au wakala wake. Hakuna tofauti maalumu ya kura inayolazimisha kuhesabu upya. Msimamizi wa uchaguzi anaweza kukataa akiona ombi halina msingi, lakini tofauti ikiwa ndogo kwa kawaida hukubali, hata zaidi ya mara moja.

Kura zikilingana kabisa?

Bahati nasibu, palepale ukumbini. Msimamizi huchagua njia: sarafu, vijiti, au majina ndani ya bahasha. Mwaka 2017, nje ya London, kiti cha South Blyth katika kaunti ya Northumberland kiliamuliwa kwa kuvuta vijiti. Liberal Democrats walivuta kirefu, na Conservative wakabaki na viti 33 kati ya 67, pungufu ya kimoja tu kupata wingi.

## Nani anaongoza sasa

Tumeshachagua madiwani. Kiongozi anapatikanaje?

Manispaa nyingi zina kiongozi wa baraza, anayechaguliwa na madiwani wenyewe katika mkutano wao wa kwanza wa mwaka, wiki chache baada ya uchaguzi. Chama chenye zaidi ya nusu ya viti humpitisha mtu wake. Kiongozi huyo huteua kamati ya uongozi, na kila mjumbe hupewa eneo lake: nyumba, fedha, watoto na kadhalika. Kwenye manispaa hizi "meya" unayemwona na mkufu shingoni ni mwenyekiti wa vikao na mtu wa sherehe, hana mamlaka ya utawala.

Manispaa tano ni tofauti: Hackney, Lewisham, Newham, Tower Hamlets na, tangu 2022, Croydon. Huko wananchi humchagua meya mtendaji moja kwa moja, kwa karatasi tofauti na ya madiwani.

Meya anaweza kuwa wa chama kimoja na madiwani wengi wa kingine?

Anaweza. Croydon 2022, Jason Perry wa Conservative alishinda umeya kwa tofauti ya kura 589. Katika baraza la viti 70, Labour ilipata 34, Conservative 33, chama cha Kijani 2 na Liberal Democrats 1. Meya aliendelea kuwa na mamlaka ya utendaji, kwa kuwa madiwani wanahitaji theluthi mbili ya kura ili kuibadili bajeti yake. Wakazi wa Croydon walikuwa wameamua kuwa na meya kwa kura ya maoni ya 2021, muda mfupi baada ya baraza lao kutangaza Novemba 2020 kwamba fedha zimeliishia.

Hakuna chama chenye zaidi ya nusu. Inakuwaje?

Mazungumzo. Vyama vinaweza kuunda muungano, au chama kimoja kikaongoza bila wingi huku kingine kikikiunga mkono kwenye bajeti. Chama chenye viti vingi zaidi hakina haki ya kuongoza kwa sababu hiyo tu. Havering mwaka 2022, Conservative walikuwa ndio wengi kuliko chama kingine chochote, lakini chama cha wakazi kilikubaliana na Labour na kuunda uongozi. Aliyesema usiku ule kwamba "Conservative wameshinda Havering" alitangulia mno.

Mwaka huo Havering na Croydon ndizo pekee zilizobaki bila chama chenye wingi. Labour ilipata manispaa 21, Conservative 5, Liberal Democrats 3, na chama cha eneo kiitwacho Aspire moja, yaani Tower Hamlets. Kilichoshangaza wengi ni Westminster, iliyokuwa ya Conservative tangu manispaa ilipoundwa, na Wandsworth, iliyokuwa yao tangu 1978. Zote ziliangukia Labour, na Barnet pia. Upande wa pili, Conservative waliichukua Harrow kwa viti 31 dhidi ya 24.

Matokeo haya yananigusa wapi mimi?

Kwenye foleni ya nyumba za baraza, ukarabati wa nyumba hizo, taka, maktaba, vibali vya ujenzi, maegesho, na kodi ya baraza unayolipa. Fungu kubwa la bajeti huenda kwenye matunzo ya wazee, watu wenye ulemavu na watoto walio hatarini. Mabasi, treni za chini ya ardhi na polisi viko kwa Meya wa London, kwa hiyo usimlaumu diwani kwa nauli. Lakini ukuta wa nyumba ya baraza ukiota ukungu na simu zako hazijibiwi, mtu wa kwanza wa kumwandikia ni diwani wa kata yako, uwe ulimpigia kura au hukumpigia.

## Hali zisizo za kawaida

Matokeo yanaweza kufutwa na mahakama?

Ndiyo, ingawa ni nadra. Mgombea, au wapiga kura wasiopungua wanne, wanaweza kufungua shauri ndani ya siku 21 baada ya siku ya uchaguzi. Muda huu ni mkali, na gharama zake ni kubwa, kwa hiyo minong'ono ya mtaani haitoshi.

Shauri linalokumbukwa ni la Tower Hamlets. Wapiga kura wanne walipinga ushindi wa Lutfur Rahman katika umeya wa 2014. Aprili 2015 Kamishna Richard Mawrey, aliyesikiliza shauri hilo, aliufuta uchaguzi huo kwa vitendo vya rushwa na vilivyo kinyume cha sheria za uchaguzi, na Rahman akazuiwa kugombea kwa miaka mitano. Juni mwaka huo John Biggs wa Labour alishinda uchaguzi wa marudio. Mwaka 2022, zuio hilo likiwa limekwisha, Rahman alirudi, akamshinda Biggs, na chama chake cha Aspire kikachukua viti 24 kati ya 45. Yote mawili yalipita kwenye njia halali: kufutwa kwa ushindi wake, na kurudi kwake.

Diwani niliyempigia kura amehama chama. Anapoteza kiti?

Hapotezi. Hapa ndipo watu waliozoea sheria za Kenya au Tanzania hushtuka, kwa sababu huko diwani akiacha chama kilichompeleka barazani, hupoteza kiti chake. Uingereza kiti ni cha mtu. Anaweza kujiunga na chama kingine au kubaki huru hadi mwisho wa muhula, na hakuna uchaguzi mdogo. Ndiyo maana hesabu ya viti unayoiona miaka miwili baadaye inaweza isilingane na ya usiku wa matokeo.

Mgombea akifariki kabla ya siku ya kura?

Uchaguzi wa kata hiyo husimamishwa na kupangiwa siku nyingine. Kata zingine huendelea kama kawaida, na baraza linaweza kuanza kazi likiwa na viti pungufu.

Kiti kikibaki wazi katikati ya muhula?

Kiti huwa wazi diwani akijiuzulu, akifariki, akipoteza sifa, au akikaa miezi sita bila kuhudhuria kikao chochote na bila ruhusa ya baraza. Wapiga kura wawili wa manispaa wakiandika barua rasmi kuomba uchaguzi mdogo, lazima ufanyike ndani ya siku 35 za kazi. Ikiwa imebaki chini ya miezi sita kabla ya uchaguzi mkuu wa madiwani, kiti kwa kawaida huachwa wazi hadi wakati huo. Masharti ya kupiga kura na kitambulisho ni yaleyale yaliyoelezwa kwenye misingi, na jina lililokwisha kuandikishwa halihitaji kuandikishwa tena, mradi hujahama anwani.